Ushahidi wa Paka

Mimi sikuwahi kumpenda yule paka, na nalisema mapema ili mtu asidhani nasimulia haya kwa sababu ya mapenzi ya wanyama. Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani kwa mama, mtaa wa Cibitoke, na mwenye kushona anajua manyoya ya paka yanafanya nini kwenye kitambaa cheusi cha mteja. Nilimfukuza kwa ndala, kwa ufagio, kwa maji. Akarudi kila mara, akakaa palepale, akaniangalia kama mtu anayesubiri nimalize ujinga wangu.

Alikuwa paka wa Mohamadi, mdogo wetu wa mwisho, dereva wa lori. Asubuhi moja alifunua boneti apime oili, akakuta kipaka kimejikunja juu ya betri, kinatetemeka, kinanuka mafuta mwili mzima. Akakileta nyumbani ndani ya kofia yake na kukiita Mazutu, jina tunaloipa dizeli hapa kwetu. Wakati ule macho ya mama yalikuwa yameanza kuzima. Mohamadi akamwekea paka mapajani akamwambia, "Mama, huyu atakuwa anakuangalilia." Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana, na mimi nikawa mtumishi wa wote wawili.

Mama alikuwa na elimu yake juu ya Mazutu, akatufundisha tupende tusipende. Alisema paka hasikilizi maneno. Maneno ni ya binadamu, ndiyo maana binadamu anadanganywa. Paka anasikia pumzi, anasikia unyayo ukiwa bado mtaa wa pili, ananusa jasho, na jasho la hofu si sawa na jasho la kazi. Alisema sisi tunaingia nyumbani na nyuso tulizozichagua, lakini mbele ya Mazutu tunaingia uchi.

Nilikuwa nacheka. Halafu mume wangu, ambaye nilikuwa natoka kwake kila asubuhi kuja kushona, akanipa talaka, nikarudi kwa mama na sanduku langu na tabasamu langu, nikasema nimekuja kulala siku mbili tatu tu. Mazutu akashuka mapajani pa mama, akavuka chumba kizima, akaja kunilalia miguuni, mimi niliyemrushia ndala juzi yake. Mama akageuza uso upande wangu, akauliza, "Asiya, amekuacha?" Nikainama kuvua viatu. Akaniambia chakula kiko jikoni.

Mohamadi akiwa safarini alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Nilifungua spika na kuilaza simu kwenye mkeka. Sauti yake ikitoka tu, hata salamu haijaisha, Mazutu anainuka, anaikaribia simu, anainusa, anaisugua kwa shavu, kisha anazunguka nyuma yake kutafuta Mohamadi amejificha wapi. Mama mkono wake uko mgongoni pa paka, anacheka mpaka machozi. Mohamadi naye huko barabarani anauliza, "Amekuya? Amenisikia?" Pesa nyingi za simu ziliishia kwa paka.

Mohamadi alikufa mwezi wa tano. Lori liligonga lori lingine lililoharibika njiani, upande wa Kahama, Tanzania, na Waislamu wa huko wakamzika siku ileile kama dini inavyotaka. Ndugu yetu wa kati, Rachidi, makanika wa Buyenzi, alipanda basi kwenda. Alipofika akakuta udongo. Alirudi na kofia na jozi ya viatu.

Sasa kwetu mgonjwa hapigwi na habari ya msiba usoni. Anaambiwa pole pole: kwanza fulani anaumwa, baadaye amezidiwa, baadaye wazee wanakuja kukaa karibu naye, na kabla hawajafungua mdomo keshaelewa. Mama alikuwa mgonjwa. Presha yake ilikuwa juu, na wiki mbili nyuma daktari alituambia mshtuko mmoja unaweza kumlaza moja kwa moja. Tukakutana nyumbani kwa Rachidi, mimi, yeye na mjomba Uthmani, mdogo wake mama. Mjomba akasema tungoje presha itulie. Sote tukakubali haraka, na leo najua tulikubali haraka kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mdomo ule.

Basi ikawa tumwambie baada ya Idi kubwa. Idi ikapita ikawa baada ya arobaini. Arobaini tuliisomea Buyenzi kwa Rachidi, mbali na masikio ya mama. Mimi nilimwambia mama naenda arusini. Jioni nikarudi na sahani ya pilau iliyofunikwa, kwa kuwa mama hujua watu wa arusi hawasahau wazee. Akala. Akala akasifu, akasema nyama ya arusi hii imeiva, aliyeoa atabarikiwa. Nilisimama mlangoni nikimtazama mama yangu akila chakula cha hitima ya mwanawe, na nikamwongezea.

Lakini Ijumaa ndizo zilizokuwa taabu. Mama angeuliza. Rachidi na Mohamadi walikuwa na sauti moja tangu ilipovunjika wakiwa vijana, hata mimi nilikuwa nawachanganya kwenye simu. Ijumaa ya kwanza Rachidi aliingia ndani ya Carina moja isiyo na injini pale gereji kwake, akapandisha vioo ili nyundo zisisikike, akapiga. Akasema, "Mama, ni mi Mohamadi." Akasema tajiri amemhamishia Zambia, kazi ni nyingi, network ni mbaya. Mama akafurahi, akamwombea, akamuuliza kama anakula. Mimi nilikuwa nautazama uso wa mama, nione kama umeamini. Uliamini.

Hakuna kati yetu aliyemtazama paka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miezi saba. Rachidi alizoea kiasi cha kuanza kuongeza vionjo: mvua ya kule, ugali wa kule, mchumba ambaye hamtaki. Maana mama alikuwa anamtafutia Mohamadi mke, na alikuwa amempata, binti wa watu wazuri, na ilibidi marehemu atafute visingizio kila wiki. Siku moja nilimkemea Rachidi, nikamwambia umeanza kuupenda mchezo huu. Akaniambia, "Dada, ni hapo tu naongea naye. Nikifunga vioo naona kama Mohamadi iko pembeni yangu." Sikumkemea tena.

Jirani yetu Mathilde, mama wa Kikongo anayeuza ndagala wakavu, alikuwa anajua. Aliniambia mara moja, huku anapepeta samaki wake, "Dada Asiya, hii muzigo munamubebea, ni yake. Mumupe." Nikamjibu kwamba kwao wanalia barabarani na kwetu kuna utaratibu. Nilijibu kwa kiburi. Yeye akaendelea kupepeta.

Ilikuwa Jumanne, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, saa nne za asubuhi. Nilikuwa nakunja mapindo ya sare za wanafunzi. Mama alikuwa mkekani, Mazutu mapajani pake.

"Asiya," akasema, "acha mashini kidogo. Kuya ukae."

Nikaenda nikakaa.

"Mohamadi akipiga simu, huyu paka alikuwa anafanya nini?"

Nikasema, "Alikuwa anachezea simu, mama."

"Na sasa?"

"Amezeeka, mama."

"Paka iko na miaka ine. Mi ndiye nimezeeka." Alikuwa anampapasa polepole, kutoka kichwani hadi mkiani. "Hii sauti inaniita mama kila Ijumaa, Mazutu haimujui. Analala tu. Hata sikio hainui. Mi naweka mukono hapa nangoja, kama zamani, roho yake iruke. Hairuki. Mara ya kwanza nikasema labda ana homa. Mara ya pili nikasema ni ile network ya Zambia. Sasa ni miezi saba."

Nikaanza kuokota nyuzi mkekani, moja moja.

"Na sauti yenyewe naijua," akasema. "Ni mi nimewanyonyesha wote wawili. Lakini masikio ya muzee yanaweza kukosea, na paka ni paka. Sikiliza, Asiya. Mutoto muzima namuombea safari njema na riziki. Mutoto aliyekufa namuombea rehema, namuombea Mungu amupanulie kaburi. Mi sasa naombea nani? Nikimuombea rehema na iko muzima, nimemuua na kinywa changu. Nikimuombea safari na iko ndani ya udongo, nimemuacha peke yake mule, hana mama. Kila nikiinua mikono inabaki hewani. Siwezi kuzika mutoto wangu juu ya ushahidi wa paka. Nataka mutu mwenye mudomo aniambie."

"Mama..."

"Sitaanguka. Nilizika baba yenu. Nilizika watoto wawili mbele we uzaliwe. Musiniogope. Mutoto wangu iko hai ao apana?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko sala zangu. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi wima, ameomba mwenyewe, kwa heshima, kitu kilichokuwa haki yake. Sikuwa na cha kufanya ila kusema neno moja la kweli na kumshika asianguke. Na mimi nikafikiria mjomba Uthmani akiniuliza mbele ya watu, "Ni wewe uliyemwambia?" Nikafikiria pilau. Nikafikiria kwamba nikisema amekufa, lazima niseme na lini, na nikisema lini, mama atahesabu Ijumaa zote. Niliona aibu. Watu wanadhani ni woga tu unaofunga kinywa, lakini aibu ni kufuli kubwa zaidi.

"Iko hai, mama," nikasema. "Wasiwasi tu."

Sauti yangu ilitoka nzuri. Nilijisifu moyoni kwa jinsi ilivyotoka nzuri.

Mazutu akainuka. Akajinyoosha, akashuka mapajani pa mama, akaja akanilalia juu ya miguu yote miwili kwa uzito wake wote. Sikuweza kuisogeza. Mama akabaki na mkono hewani, pale mgongo wa paka ulipokuwa, kisha akaushusha taratibu kwenye goti lake.

"Amekuya kwako," akasema.

"Anataka samaki, mama. Amenusa ndagala wa Mathilde."

Kwa mbali cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda.

"Ndiyo," mama akasema. "Anataka samaki."

Jioni ile baada ya magharibi aliinua mikono, na badala ya kuomba kimoyomoyo kama alivyozoea, aliomba kwa sauti. "Ya Rabbi, murudishe Mohamadi mulangoni kwangu na miguu yake mwenyewe. Nimushike mbele sijafa." Akangoja. Mama alikuwa hasubiri kitu kwa Mungu, alikuwa anasubiri kwangu. Nikasema, "Amina." Akafuta uso wake.

Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Hakuniuliza tena lolote, wala hakunikasirikia. Aliniita mwanangu, aliniombea baraka za mikono yangu inayoshona. Lakini kila magharibi alimwita Mungu amrudishe mtu ambaye niliona viatu vyake chini ya kitanda cha Rachidi, na akasubiri nikubali, nami nikakubali. Ijumaa simu ilipolia alifanya vilevile. Alimwombea Mohamadi arudi salama, akasema, "Sema amina, mutoto wangu." Nikadhani Rachidi amekata. Halafu sauti ikasema amina. Mazutu alikuwa amelala juu ya vitambaa vyangu, hakufumbua jicho.

Simu ilipokatwa nilimpigia tena Rachidi nikiwa nyuma ya nyumba, nikamwambia yote, la paka, la dua mbili, la jibu langu. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alilia ndani ya ile Carina, nikasikia anapiga usukani kwa kiganja. Akasema tumwambie, basi, mjomba aseme atakavyosema. Mimi nikasema njoo sasa hivi. Akasema apana, tufanye vizuri: Ijumaa inayokuja hatapiga simu, atakuja mwenyewe, atakaa mbele yake, amwambie kwa mdomo wake kama anavyostahili. Siku saba tu. Tukakubaliana. Hatukujifunza hata kidogo, tulikuwa bado tunapanga tarehe.

Mama alianguka Jumatano. Hakuna aliyemwambia lolote. Hakuna aliyemshtua. Alikuwa anachukua wudhuu kwa sala ya adhuhuri, birika likamtoka, nikasikia bati likigonga saruji. Miezi saba tuliilinda ile presha kama yai, na ikapanda yenyewe, siku ya kawaida, juu ya maji ya kutawadha.

Gari la kumpeleka hospitali lilipatikana kwa shida, maana petroli ilikuwa haipo mjini wiki nzima. Rachidi aliinyonya kidogo kidogo kwenye magari ya wateja wake. Tulipofika mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, ulimi haukuwa wake tena. Macho yalikuwa wazi, lakini yale macho yalikuwa hayaoni tangu zamani, kwa hiyo hatukujua yanatuambia nini. Daktari alisema tumwombee.

Ndipo Rachidi akainama sikioni pake. Akatumia sauti yake mwenyewe, iliyokuwa imekauka kwa kutotumika mbele yake siku za Ijumaa. "Mama, ni mi Rachidi. Mohamadi alikufa. Alikufa mwezi wa tano. Ni mi nilikuwa napiga simu. Utusamehe." Nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto, ule wenye uhai kidogo. Nilingoja unibane. Nilingoja kidole, nilingoja kucha. Rachidi akarudia yote tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayesoma. Mkono ulikuwa na joto na haukusema kitu.

Nilimkumbuka Mazutu wakati ule, nikamkumbuka kwa hasira. Angekuwepo, angepanda kitandani, na sisi tungejua kama mama amesikia ama hakusikia. Hospitali haziruhusu paka. Tukabaki binadamu wawili na mashine moja, na hakuna kati yetu aliyejua kusoma pumzi ya mama. Alfajiri ya Alhamisi pumzi yenyewe ikakatika.

Tulimzika siku hiyo baada ya adhuhuri. Wanaume walimchukua, wanawake tukabaki nyumbani na masufuria. Watu walikuja kutoka Buyenzi, kutoka Kigobe, walijaa mpaka barabarani, na wote walijua habari ya Mohamadi, na wote walikuwa wameificha, na sasa walikuwa huru kuitaja. Wakaitaja. Kila aliyeingia alitupa pole mbili kwa mara moja. Mjomba Uthmani alisema mbele ya wazee kwamba tulifanya vyema, kwamba mama yetu amekufa na moyo mweupe, bila uchungu wa mtoto. Wazee wakaitikia. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, Mungu ni shahidi, kisha nikauliza kama kuna mtu hajapata chai.

Mathilde alikuja kunisaidia kuosha sahani. Aliona mikono yangu haifanyi kazi, akaninyang'anya sahani taratibu, akanikalisha kwenye kigoda, akanifuta uso kwa upande wa kitenge chake. Ni mtu mwema, na alisema alichokuwa nacho.

"Usilie hivyo, dada Asiya. Sasa iko na mutoto wake. Wameonana."

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, wameonana. Mama atamshika, atamshukuru Mungu, kisha atamuuliza amefika lini. Na Mohamadi hakuwahi katika maisha yake kumdanganya mama. Atamwambia mwezi wa tano.